Namna ya Kuandaa Kipindi Chepesi cha Asubuhi katika Redio ya Mkoani: Mwongozo Kamili kwa Watangazaji wa Moshi

Watangazaji wachanga wa Moshi na Arusha wanaoomba ushauri kuhusu vipindi vya asubuhi huleta malalamiko yanayofanana. Salamu zinameza saa nzima. Watangazaji wawili wanachekeshana wenyewe huku msikilizaji akiachwa nje ya kicheko. Bei za sokoni zinasomwa wakati mama muuzaji ameshanunua mzigo tangu alfajiri, na ikifika saa 2 hakuna aliyebaki na jambo la kusema.

Wengi hudhani kasoro hiyo ni ya kipaji. Kwa maoni yangu, kasoro ni ya ratiba. Msikilizaji wa asubuhi huitumia redio kama saa ya ukutani: akisikia sehemu fulani anajua kwamba mtoto anapaswa kuwa amevaa viatu, na akisikia nyingine anajua kwamba amechelewa daladala. Kipindi kisichofika mahali palepale kwa wakati uleule humvuruga, hata kama kinachekesha.

Mwongozo huu unahusu kipindi cha siku za kazi, kuanzia saa 12:00 hadi saa 3:00 asubuhi, katika kituo kidogo chenye wasikilizaji wa Moshi Mjini na vijiji vya mlimani na tambarare. Aliye Arusha abadilishe majina ya mitaa na masoko; utaratibu haubadiliki.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Watu watatu: watangazaji wawili na mtayarishaji mmoja ambaye hafungui maiki kabisa.
- Maikrofoni mbili, hedifoni mbili zinazofunika masikio yote, na mikisa (mtambo wa kuchanganyia sauti) ambayo kila mtangazaji anaijua.
- Kompyuta ya kurushia nyimbo na matangazo, pamoja na kifaa cha akiba chenye muziki wa saa nzima. Simu ya kawaida iliyounganishwa kwenye mikisa inatosha.
- Simu mbili za kituo, moja ya wapigaji na nyingine ya ujumbe mfupi na WhatsApp. Simu binafsi ya mtangazaji isitumike kwa kazi hii.
- Saa kubwa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, iliyowekwa mahali ambapo macho yataiona bila kugeuza shingo.
- Kinasasauti, au simu inayorekodi vizuri, kwa ajili ya sauti za mtaani.
- Daftari la mawasiliano: maofisa uhusiano wa MUWSA (mamlaka ya maji ya Moshi) na TANESCO (shirika la umeme), askari wa usalama barabarani, hospitali za Mawenzi na KCMC, viongozi wa masoko, watendaji wa kata na wenyeviti wa vijiwe vya bodaboda.
- Betri za akiba za kushikilia mitambo hadi jenereta iwake.

Mambo mawili ya kisheria yakamilishwe na uongozi kabla ya siku ya kwanza. La kwanza ni masharti ya leseni na kanuni za maudhui zinazosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. La pili ni ruhusa ya kupiga muziki wa watu, kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mtangazaji asiyejua kama ruhusa hiyo ipo amuulize meneja wake.

## Hatua ya 1: Chora asubuhi ya msikilizaji

Chukua karatasi uandike saa upande wa kushoto, kuanzia 11:30 alfajiri hadi 3:00, robo kwa robo. Kisha toka ofisini. Asubuhi moja iwe ya stendi kuu, nyingine ya soko la Mbuyuni, nyingine ya Kiborloni, nyingine ya barabara inayoteremka kutoka Kibosho au Uru. Andika ni nani anapita, anabeba nini, na redio iko wapi: kwenye bajaji, kwenye kibanda cha chai, au mfukoni mwa mlinzi anayemaliza zamu.

Karatasi hiyo itakuonyesha kwamba wasikilizaji wako ni makundi matatu yanayopishana. Kabla ya saa 12:45 wapo wachuuzi, madereva, wakulima na wanafunzi wanaotembea mbali. Kati ya saa 12:45 na 1:45 zipo nyumba zenye haraka, walimu, na abiria ambao hawakuichagua redio bali dereva aliwachagulia. Baada ya hapo wanaingia mafundi cherehani, wasusi, wenye maduka na waliobaki nyumbani, na hawa ndio pekee wenye nafasi ya kusikiliza mazungumzo marefu.

Sababu ya kufanya hivi kwa miguu ni kwamba watangazaji wengi humwazia msikilizaji anayefanana na wao, yaani kijana aliyekaa mbele ya meza, na kijana huyo saa 12:30 bado amelala.

Hatua hii imefanikiwa pale ambapo kila mmoja wenu anaweza kujibu, bila kutazama karatasi, ni nani anayesikiliza saa 1:10 na mikono yake inafanya nini.

## Hatua ya 2: Gawa saa moja hadi dakika ya mwisho

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo hesabu iandikwe. Katika dakika 60, taarifa ya habari inachukua 5, vichwa vya habari vya nusu saa 3, matangazo ya biashara 10, na nyimbo sita za wastani wa dakika tatu na nusu zinachukua 21. Zinazobaki kwa ajili ya maneno yenu ni dakika 21 tu. Ukisoma salamu kwa dakika 15, umebakiwa na dakika 6 za kipindi.

Mfano wa saa ya pili ya kipindi ni huu:

- 1:00 Taarifa ya habari
- 1:05 Barabara, maji na umeme (dakika 3)
- 1:08 Nyimbo mbili
- 1:15 Mlima leo, na kitendawili kinategwa (dakika 4)
- 1:19 Matangazo
- 1:23 Nyimbo mbili
- 1:30 Vichwa vya habari
- 1:33 Sehemu ya maisha (dakika 8)
- 1:41 Matangazo
- 1:44 Nyimbo mbili
- 1:51 Wapigaji, salamu na jibu la kitendawili (dakika 6)
- 1:57 Matangazo hadi saa 2:00

Sehemu ya barabara, maji na umeme irudiwe saa 12:05, 1:05 na 2:05, kwa sababu aliyesikia ya kwanza ameshaondoka nyumbani. Watangazaji huchoka kurudia wakidhani msikilizaji naye amechoka, ilhali yeye anasikia kwa mara ya kwanza.

Tahadhari moja inaonekana ndogo. Kompyuta ya studio huandika 7:15, na mtangazaji aliyeamka saa 10 usiku huisoma kama ilivyo, hivyo kijiji kizima kikaambiwa ni saa saba na robo. Soma saa ya ukutani, na mshale wake uufuate kwa hesabu ya Kiswahili. Taja saa kila unapofungua maiki.

Muda ukizidi, kata wimbo au fupisha mazungumzo. Usiisogeze sehemu inayofuata. Utajua hatua imekamilika pale ambapo msikilizaji anatuma ujumbe kuuliza mbona barabara hazijasomwa, na ukitazama saa unakuta mmechelewa dakika mbili.

## Hatua ya 3: Chagua sehemu chache za kudumu na uzilishe

Sehemu nne au tano zinatosha. Anayeanza na tisa huziacha tano kabla ya mwezi kwisha, na msikilizaji hukumbuka ahadi. Zifuatazo ndizo ambazo ningezichagua kwa Moshi.

Barabara, maji na umeme. Taja mahali kwa jina ambalo wakazi wenyewe hulitumia. "Kuna msongamano mjini" haisaidii mtu. "Magari yamesimama kuanzia Njia Panda ya Himo kwa sababu lori limeharibika" inamfanya dereva aamue. Habari za maji zithibitishwe MUWSA na za umeme TANESCO kabla hazijasomwa, kwa maana picha ya tangazo inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp huenda ni ya mwaka jana. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, ongeza hali ya barabara za vumbi zinazopanda milimani, ambako utelezi humwamulia dereva wa Noah kama atapanda au atashusha abiria katikati ya safari.

Bei ya soko. Isomwe mapema, ndani ya saa ya kwanza, la sivyo iachwe. Pata bei kwa wauzaji wawili wasiokaa pamoja, mmoja wa jumla na mmoja wa rejareja, na useme ipi ni ya nani. Taja kipimo kila mara: sado, debe, mkungu, fungu, kilo. Gunia liambatane na uzito wake, kwa sababu lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, na gunia la kilo 100 havilinganishwi, na mkulima wa Chekereni anayeuza mpunga kwa bei aliyoisikia redioni atakudai wewe tofauti. Ndizi nazo zitajwe kwa aina, kwani bei ya mshare si bei ya ndizi ng'ombe.

Mlima leo. Hii ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote na, nikiulizwa, ndiyo ambayo isingefutwa hata mdhamini akikosekana. Kibo, kilele kirefu zaidi cha Mlima Kilimanjaro chenye jirani yake Mawenzi, huonekana vizuri zaidi asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajapanda. Kila siku sema umeonekana wote, nusu, au umejificha, kisha mwalike msikilizaji wa Rau, Pasua, Machame au Marangu aseme anachokiona kutoka mlangoni kwake. Majibu yatapingana, na ubishi huo hauumizi mtu. Sharti ni moja: asiyeuona asiuseme. Studio nyingi hazina dirisha la upande huo, kwa hiyo mtayarishaji atoke nje akatazame. Huwezi kumdanganya mtu kuhusu mlima wa mita 5,895 uliosimama mbele ya nyumba yake.

Kitendawili. Kitegwe saa 1:15 na kuteguliwa saa 1:51, ili mtu abaki nusu saa na zaidi. Chagua chenye picha ambayo msikilizaji anaipita njiani, kama kile cha kamba ndefu isiyoweza kufunga kuni, ambacho jibu lake ni njia. Andika majibu yanayokubalika kabla ya kutega, kwani mtu akileta jibu lenye mantiki ambalo hukulifikiria, mtabishana hewani. Zawadi iwe ndogo, na kushiriki kusitozwe fedha yoyote. Ukianza kutoza kila ujumbe ili mtu ashinde zawadi, umeingia katika bahati nasibu, na hiyo ni kazi inayohitaji kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Sehemu ya maisha. Hii ibadilike kwa siku, lakini siku zisibadilike. Kwa mfano, Jumatatu ni fedha na vikoba, Jumanne ni jikoni, Jumatano ni afya, Alhamisi ni malezi, na Ijumaa ni mavazi, sherehe na michezo ya mwisho wa wiki. Mgeni wa afya awe mtaalamu anayefahamika kituoni kwake pa kazi. Muuza dawa anayetaka kujitangaza aende idara ya matangazo.

Kosa kubwa la sehemu ya maisha ni kuwafundisha watu wanachokijua. Usiwaeleze wakazi wa Moshi mtori ni nini. Waulize kama mtori wa kuuza siku hizi bado una nyama ya mfupa au umekuwa uji wa ndizi, na bei ya bakuli imefika wapi, na simu hazitatosha. Kadhalika, wiki ya baridi ya Julai ina mada yake tayari: koti la mtumba lililopatikana Kiborloni, namna ya kukausha sare za shule bila jua, na ubishi wa kama ni haki kumwogesha mtoto kwa maji baridi.

Weka kalenda ya mwaka ukutani. Mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi kuna Kilimanjaro Marathon, ambapo wakimbiaji wa kilomita 42, 21 na 5 hujaa mjini na barabara kufungwa, kwa hiyo siku za kabla yake zina mada na maelekezo mengi. Msimu wa kuchuma kahawa una habari za malipo ya vyama vya ushirika. Desemba, Wachagga waishio mbali wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, nauli za mabasi, bei ya nyama na foleni za Himo ni kipindi kizima. Nauli zilinganishwe na zile zilizopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini.

## Hatua ya 4: Gawa kazi kwa majina

Mtangazaji wa kwanza anaongoza saa: yeye ndiye anayefungua na kufunga kila sehemu. Wa pili analeta habari, anauliza, anacheka. Mtayarishaji anapokea simu, anahakiki ujumbe, na anaonyesha kwa vidole dakika zilizobaki. Wawili wakiongoza kwa pamoja, wanakatizana. Asipokuwepo wa kuhakiki, matusi yanasomwa.

Inafaa mmoja awe mwenyeji aliyekulia mlimani na mwingine awe amehamia. Mgeni huuliza maswali ambayo mwenyeji asingeuliza, na majibu yake huwafurahisha wote wawili.

## Hatua ya 5: Andika mwanzo na mwisho wa kila sehemu

Si lazima kila neno liandikwe, lakini sentensi ya kuingilia na ya kutokea ziandikwe neno kwa neno. Katikati pawe na vidokezo vitatu. Mazungumzo mengi hufa mwishoni, pale ambapo watangazaji wameshacheka na hakuna anayejua namna ya kutoka, hivyo wanarudia "haya basi, ndiyo hivyo" hadi wimbo uwaokoe.

Mfano wa mswada wa saa 1:15:

"Ni saa moja na robo asubuhi. Kibo leo imejifunika shuka hadi shingoni, Mawenzi haionekani kabisa. Aliye Marangu atuambie kama huko juu pamekucha. Sasa tega sikio: kamba yangu ndefu, lakini haiwezi kufunga kuni. Unadhani unaijua? Tuma jibu, jina lako na mahali ulipo. Tunategua saa moja na dakika hamsini na moja."

Hapo kuna saa, mahali, mwaliko, na ahadi yenye muda. Hiyo inatosha. Usimalize sehemu kwa "tukirudi tutaendelea", bali taja kitakachokuja na dakika yake.

Mswada ukamilike jioni ya kuamkia kipindi, kabla ya saa 12. Asubuhi ibaki kwa ajili ya mambo yaliyotokea usiku tu. Ajabu ni kwamba watangazaji wanaosifiwa kwa kuropoka vizuri ndio wenye karatasi nyingi mezani. Msikilizaji hazioni.

## Hatua ya 6: Chekesha bila kumuumiza aliyekufungulia mlango

Wachagga na Wapare ni watani, na kila mmoja ana hazina ya maneno kuhusu fedha za Mchagga na ubahili wa Mpare. Msibani au kijiweni utani huo una kanuni: mtani yupo, anakuona, na ana zamu ya kujibu. Redioni hayupo. Mtoto wa shule anayesikia kabila lake likichekwa saa 1 asubuhi hana zamu. Kwa hiyo mtanie mtangazaji mwenzako kwa jina lake, ajibu palepale, na muishie hapo. Wamaasai na Waarusha wasigeuzwe kichekesho cha lafudhi, jambo ambalo vipindi vingi vya kanda hii hulifanya kwa mazoea.

Salamu za Kichaga zina mtego wake pia. Kimachame, Kivunjo na Kirombo vinatofautiana, na anayesalimia kwa kimoja kila siku anawaambia wengine kwamba kipindi si chao. Salamu ya lugha ya mama iwe ladha ya mara moja moja, izunguke, na Kiswahili kibaki lugha ya kipindi.

Epuka simu za kumtega mtu asiyejua kwamba yuko hewani. Zinachekesha kwa dakika moja, kisha huleta ugomvi wa ndoa au wa kazini ambao kituo hakiwezi kuutuliza. Habari za pombe na mapenzi ya watu wazima nazo hazina nafasi saa ambayo wanafunzi wamejaa kwenye daladala.

Kicheko kikiwa sahihi, wapigaji huongeza kisa chao juu ya cha kwenu. Wakikaa kimya, mlikuwa mnachekeshana ninyi wawili.

## Hatua ya 7: Pokea simu, ujumbe na salamu kwa utaratibu

Kila mpigaji azungumze kwanza na mtayarishaji nje ya hewa. Mtayarishaji aulize mambo matatu: jina analotaka litajwe, mahali alipo, na anachotaka kusema kwa sentensi moja. Kisha amwombe azime redio yake, kwa kuwa sauti ikirudi kwenye simu hutoa mlio unaoumiza masikio. Kama mitambo yenu ina kifaa cha kuchelewesha sauti kwa sekunde chache, kitumike; kama haina, kidole cha anayeongoza kisiondoke kwenye kitelezi cha simu, yaani kitufe cha kupandisha na kushusha sauti yake kwenye mikisa.

Mpigaji akianza kumtaja mtu kwa ubaya, mkate mara moja, taja saa, piga wimbo. Usijadiliane naye hewani, na usirudie alichosema hata kwa nia ya kukikanusha.

Kuhusu salamu, nina msimamo mkali. Kamati za salamu ni wasikilizaji waaminifu na hawapaswi kudharauliwa, lakini orodha ya majina ishirini haimhusu mtu wa ishirini na moja. Ruhusu kila mtu majina matatu, na kila salamu ibebe habari: "Wasalimie wa Mabogini, na uwaambie mpunga umeanza kuvunwa." Hapo salamu imekuwa taarifa. Zilizobaki zisomwe jioni, au ziwekwe kwenye kurasa za kituo mtandaoni.

Vitu vilivyookotwa ni huduma inayopendwa sana, nayo ina hatari zake. Kitambulisho cha NIDA kikiletwa kituoni, taja jina tu, wala usisome namba. Mwenyewe aje athibitishe. Namba ya simu ya msikilizaji isisomwe hewani bila ridhaa yake. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, uzembe huo si wa kuombea msamaha tu. Mtoto aliyepotea atangazwe baada ya kuzungumza na polisi au mtendaji, na akishapatikana, jina lake lisiendelee kutajwa.

## Hatua ya 8: Panga mapema namna ya kubeba habari nzito

Katika mikoa yetu, redio ya mahali husoma matangazo ya vifo, na familia huyategemea ili ndugu wa Rombo na Same wapate habari za maziko. Kipindi kuwa chepesi si kisingizio cha kuyakwepa. Yapewe dakika yake isiyobadilika, yasitanguliwe na kichekesho wala kufuatwa na tangazo la bia. Muziki wa chini uzimwe. Majina ya marehemu na ya ukoo yahakikiwe kwa kumpigia aliyeleta tangazo, na matamshi yake yaandikwe kwa mkono juu ya karatasi. Kukosea jina la marehemu hakusahauliki.

Ajali au mafuriko yakitokea wakati mko hewani, anayeongoza atamke kwamba utaratibu wa kawaida umesimama, asome kilichothibitishwa tu, na afute vichekesho vyote vya saa hiyo. Idadi ya waathirika isitajwe hadi itoke kwa polisi au hospitali. Andaeni tangu sasa orodha ya nyimbo tulivu kumi kwa ajili ya siku kama hiyo, maana ukizitafuta katikati ya taharuki utapiga wimbo wa harusi.

## Hatua ya 9: Mitambo na sauti

Kaa umbali wa shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni, uso ukiwa pembeni kidogo ili herufi P na B zisipige. Vaa hedifoni muda wote. Kipimo cha sauti kisikae kwenye eneo jekundu hata mnapocheka. Anayeongoza ashushe kitelezi kabla ya kicheko, si baada yake.

Umeme ukikatika, betri zishike mikisa na kompyuta, mtangazaji aendelee kuzungumza kwa utulivu, na fundi mitambo awashe jenereta. Kompyuta ikizima, wimbo utoke kwenye kifaa cha akiba. Zoezi hili lifanywe kwa kuzima umeme kwa makusudi siku isiyo ya kipindi. Imefaulu kama ukimya haukuzidi muda wa kuvuta pumzi mbili.

## Hatua ya 10: Rekodi majaribio, kisha anza, kisha pima

Kabla ya uzinduzi, rekodini saa nzima isiyorushwa, mkiwa na matangazo na nyimbo zake kamili. Rekodi hiyo ichezwe kwa watu ambao si jamaa zenu: fundi cherehani, dereva wa bajaji, mama wa genge. Msiwaulize kama wameipenda, kwa sababu watasema ndiyo kwa adabu. Waulizeni wanakumbuka nini. Wasichokikumbuka kifupishwe.

Anzeni na sehemu tatu, mwongeze nyingine kila baada ya wiki mbili. Mdhamini akija, apewe sehemu iliyokwisha kusimama, na jina lake litajwe mwanzoni na mwishoni tu. Mkataba ueleze wazi kwamba hana kauli juu ya yaliyomo, hasa bei ya soko. Mfanyabiashara anayedhamini bei huku akiuza mahindi atataka siku moja bei ipande.

Kila siku saa 3:10, kaeni dakika kumi na tano msikilize sehemu moja mliyoirekodi asubuhi hiyo, nzuri au mbaya, na mwandike jambo moja la kubadilisha kesho. Pimeni pia ramani ya wapigaji: kama wiki nzima simu zimetoka Majengo na Soweto pekee, hakuna aliyepiga kutoka Uru wala Mwika, basi ama mawimbi hayafiki vizuri huko au hamjataja jina la mahali pao. Fundi achunguze la kwanza, nanyi mrekebishe la pili.

Mswada wa siku, orodha ya nyimbo zilizopigwa na jina la mshindi wa kitendawili viingie kwenye faili kabla ya saa 4, kwa sababu baada ya hapo kila mtu atakuwa ametoka kutafuta chai.